Madaftari Mawili ya Mto Mara

Neno lililonigharimu kuliko yote katika utafiti wangu ni "inawezekana". Nililitamka Januari 2020 mbele ya mkutano wa kijiji karibu na daraja la Kirumi, mkoani Mara. Mahindi yalikuwa yamezama shambani, na maji yalikuwa yameingia kwenye nyumba za watu ambao tangu wazaliwe hawakuwahi kuyaona mlangoni kwao. Mzee mmoja akainuka akaniuliza: "Mwalimu, wewe ndiye unayepima mto. Hawa Wakenya huko juu wamefungulia maji?"

Mimi nilikuwa na vipimo vya miezi mitatu tu. Nikajibu, "Mzee wangu, inawezekana."

Jioni ile ile nilipanda bodaboda kurudi Musoma, na dereva akanisimulia habari ambayo tayari ilikuwa imemfikia: mtu wa chuo kikuu amethibitisha kwamba Wakenya ndio waliofungulia maji. Hakujua kwamba mtu huyo alikuwa amembeba nyuma yake. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

Kwenye Mara hakuna bwawa kubwa la kufungulia. Miradi ya Norera upande wa Kenya na Borenga upande wa Tanzania imezungumzwa kwa miaka mingi, lakini wakati ule hapakuwa na bwawa lolote la kuweza kuuzamisha uwanda wa Kirumi. Nililijua hilo, nilikuwa nimeliandika mwenyewe katika andiko la utafiti. Mbele ya watu waliokuwa na machungu nilitafuta jibu la kuwaridhisha, nikasahau nilichokuwa nakijua.

Tangu nimalize shahada yangu ya uzamili, wanafunzi kadhaa wamenitafuta wakitaka kufanya utafiti wa mto unaovuka mpaka: Kagera, Songwe, Ruvuma, hata huo huo Mara. Huwa wananiuliza habari za vifaa. Nawaeleza vifaa, kisha nawaeleza na haya.

Kwa asiyeujua, Mara huanzia kwenye msitu wa Mau nchini Kenya, kwenye kinamasi cha Enapuiyapui. Hushuka kwa mito miwili, Nyangores unaopita mji wa Bomet na Amala unaopita Mulot. Mito hiyo ikishakutana, Mara hukatiza hifadhi ya Maasai Mara, hupokea maji ya Talek, huvuka mpaka na kuingia Serengeti, hupita Mara Mines, hujitandaza kwenye kinamasi kikubwa cha mafunjo, ndipo hupita chini ya daraja la Kirumi na kuingia Ziwa Victoria. Ni safari ya kilomita karibu 395. Kiasi cha asilimia 65 ya bonde liko Kenya na asilimia 35 Tanzania, kwa hiyo sisi wa chini tunapokea kilichotendwa juu, au tunaamini hivyo.

Mradi wetu ulikuwa mdogo. Chuo changu na chuo kimoja cha Kenya vilipata fedha za kusomesha wanafunzi wawili, mimi na mwenzangu Mkipsigis kutoka Bomet. Kazi yetu ilikuwa kupima kina cha maji na tope linalosafirishwa na mto, juu na chini, kwa mwaka mmoja, ili matokeo yasaidie mamlaka za maji za nchi zote mbili. Kenya na Tanzania zilishatia saini hati ya makubaliano ya kusimamia bonde hili kwa pamoja mwaka 2015, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu, ndiyo mratibu. Kwenye karatasi ushirikiano ulikuwepo. Nilidhani kazi yangu ni kujaza namba tu.

Fedha ziliingia Januari 2019. Sampuli ya kwanza nilichota Oktoba. Miezi tisa ililiwa na vibali, na mvua za masika za mwaka ule zilinipita nikiwa ofisini nasubiri mihuri.

Kosa langu lilikuwa kufuata vibali kimoja baada ya kingine, wakati vyote vilitakiwa kuanza siku moja. Mtanzania anayesoma chuo cha Tanzania hupewa barua na chuo chake, aipeleke kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ashuke nayo wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata na mtendaji wa kijiji. Hilo halikunisumbua. Kenya mimi ni mgeni: nilihitaji leseni ya NACOSTI, tume ya Kenya inayosimamia utafiti, na mgeni haipati bila kuwa amefungamana na taasisi ya humo. Barua ya taasisi hiyo peke yake ilichukua wiki saba, kwa sababu niliiomba kwa barua pepe badala ya kwenda kukaa mlangoni. Mwenzangu naye alihitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, ili afanye kazi Tanzania, pamoja na kibali cha ukaazi. Halafu kwenye fomu ya Kenya nikaandika kaunti ya Bomet tu. Talek iko Narok. Tulipofika Talek na chupa zetu, chifu aliisoma leseni taratibu, akanirudishia: "Madam, hii karatasi haijui hapa." Alikuwa na haki. Ilibidi turudi nyuma, turekebishe, turipoti kwa kamishna wa kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Siku kumi na mbili zilikwenda, na nauli, na malazi, na gari tulilokodi kwa siku likiwa limesimama.

Tukijumlisha ada, barua, safari za kufuatilia na picha za pasipoti, karibu robo ya bajeti ya kazi ya nje iliishia hapo. Kwenye bajeti ya awali tulikuwa tumeweka laki mbili. Anayeandika ombi la fedha leo aitenge sehemu hiyo bila haya, na mfadhili akihoji amweleze hatua kwa hatua.

Sampuli nazo zina mpaka wao. Mzunguko wa kwanza nilipakia chupa arobaini za maji ya tope kwenye boksi la barafu, nikatoka Bomet kwa matatu kupitia Sotik, Kisii na Migori hadi Isebania, nivuke Sirari nikazipimie kwetu. Afisa alitaka kujua maji machafu yanasafirishwa kwenda wapi na kwa nini. Sikuwa na barua yoyote inayozitaja chupa. Nilikaa pale tangu asubuhi hadi magharibi, barafu ikayeyuka, na sampuli za virutubisho zikaharibika. Afisa hakunikosea, alikuwa akifanya kazi yake. Baada ya hapo tulichuja maji siku hiyo hiyo upande wa Kenya, tukakausha karatasi za kuchujia, tukavuka na bahasha nyembamba yenye barua kutoka vyuo vyote viwili inayoorodhesha kila karatasi kwa namba yake. Tope kavu halihitaji barafu.

Yote hayo ni usumbufu tu. Makosa mazito yalikuwa kwenye madaftari.

Tulikuwa na wasomaji wawili wa kina cha maji, mmoja Bomet na mmoja Kirumi, wakazi wa hapo hapo. Kazi yao ilikuwa kwenda kwenye rula ya chuma iliyosimikwa mtoni, asubuhi na jioni, kusoma na kuandika. Wa Kirumi aliandika kwa sentimita, wa Bomet kwa mita na nukta. Hilo ni rahisi. Lakini sifuri ya rula ya Bomet na sifuri ya rula ya Kirumi hazina undugu wowote. Kila moja iliwekwa kwa mahali pake. Niliwahi kuchora michoro yote miwili kwenye ukurasa mmoja, nikaona Kirumi kina ni kirefu kuliko Bomet, nikaanza kuandika sababu zake. Msimamizi wangu aliukunja ule ukurasa akaniambia nisimletee tena. Kinacholinganishika ni kupanda na kushuka: leo kimepanda sentimita ngapi kuliko jana, hapa na kule.

La pili ni saa. Msomaji wa Kirumi aliandika kama anavyosema: saa 3 na saa 11. Mimi nikaingiza kwenye kompyuta 3:00 na 11:00, na kompyuta ikaelewa usiku wa manane na kabla ya adhuhuri. Wa Bomet aliandika 9 na 5, akimaanisha nyakati zile zile. Kwa miezi miwili na nusu wimbi la mafuriko lilionekana kufika Kirumi kwa mwendo usioeleweka, wakati mwingine likitangulia kabla halijatoka juu. Nilishuku rula, nilishuku kinamasi, nikamshuku hata msomaji. Kumbe ni mimi. Kwenye daftari jipya tuliweka safu mbili zenye vichwa "asubuhi" na "jioni", na saa tukazikubali kwa mdomo mara moja tukiwa wote tumesimama kwenye rula.

La tatu bado linaniuma. Kati ya Novemba na Januari posho ya msomaji wa Bomet haikutumwa. Ilikuwa fedha ndogo, lakini ilikwama kwenye idara ya fedha ya chuo, na mimi sikumpigia kumweleza. Nilipolifungua daftari lake Februari, namba za Desemba zilipanda sentimita mbili kila siku, mbili, mbili, mbili, kama mtu apandaye ngazi. Mto haupandi hivyo. Nilimuuliza kwa ukali. Akanijibu kwa upole ambao sijausahau: "Madam, daraja ni mbali na kwangu, na nauli natoa mfukoni. Nilikuwa naenda Jumatatu, nikijaza za wiki nzima." Siku thelathini na moja za kipimo cha Desemba, mwezi wa mvua kubwa, nilizifuta zote. Nilimwomba msamaha, nikamlipa kwanza kutoka kwenye posho yangu. Anayemtegemea msomaji ampelekee haki yake tarehe ile ile kila mwezi, na ikichelewa ampigie kabla yeye hajapiga.

Turudi kwenye maji ya Kirumi. Vuli ya 2019 ilikuwa kubwa Afrika Mashariki nzima, na masika ya 2020 nayo hayakupungua. Ziwa Victoria liliendelea kujaa, na Mei 2020 likafika kiwango cha juu kuliko vyote vilivyokuwa vimerekodiwa hadi wakati huo, tangu vipimo vianze mwaka 1896. Mwezi huo huo Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa abiria kwa sababu ya korona. Sikuweza kwenda Bomet, na mwenzangu hakuweza kuja Kirumi. Niliona utafiti wangu umekufa.

Kilichotuokoa ni kundi la simu. Tuliwaunganisha wasomaji wawili moja kwa moja, pamoja na viongozi wa jumuiya za watumia maji wa pande zote. Kila asubuhi mmoja alituma picha ya rula yenye maji, mwingine akajibu kwa picha yake. Mwanzoni salamu zenyewe zilileta kigugumizi. Wetu aliandika "Shikamoo mzee" na yule wa Bomet akajibu "Poa sana", jambo ambalo mzee mmoja wa Kirumi alilichukua vibaya mpaka tulipomweleza kwamba kule shikamoo si ya kila siku. Baada ya wiki mbili walikuwa wakiulizana habari za mahindi.

Juni mvua zilikatika Bomet. Picha za rula zilionyesha kina kikishuka, siku moja sentimita nne, nyingine saba, nyingine tatu. Kirumi maji hayakushuka. Yalisimama, na siku ambazo upepo ulivuma kutoka ziwani yalipanda kidogo. Nilikwenda darajani nikatupa kipande cha funjo majini ili niuone mwendo wake, na kilikuwa kikisogea kwa uzito kama mtu anayeburuta mguu. Ziwa lilikuwa limeupandia mto na kuuzuia. Mafuriko ya Kirumi hayakuwa yakishuka tena kutoka Kenya. Yalikuwa yakiingia kutoka upande wa chini, kutoka ziwa ambalo ni letu sote.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo sikulisoma darasani. Jedwali la kugeuza kina kuwa mtiririko, lile linalokwambia kwamba kina fulani ni mita fulani za ujazo kwa sekunde, halifai mahali ambapo ziwa linasukuma maji nyuma. Kina kikubwa kinaweza kuwa na mtiririko mdogo kabisa. Namba zangu za mtiririko wa Kirumi za miezi yote ile zilikuwa upuuzi, na nusura nizitume kwa watu wanaopanga mambo ya maji ya nchi mbili. Anayetaka mtiririko wa Mara upande wa Tanzania apime juu ya kinamasi, kule Mara Mines, kwenye kituo cha siku nyingi kiitwacho 5H2.

Nilirudi kwenye mkutano wa kijiji Agosti. Niliomba muda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikaanza na neno langu la Januari. Nikasema nilikosea, na nikaeleza nilikosea wapi. Sikuja na michoro. Nilibandika picha za rula ukutani, za Bomet juu na za Kirumi chini, tarehe kwa tarehe, na msomaji wa Kirumi ndiye aliyeeleza, maana wanamjua na ndiye aliyekuwa akilowana. Kisha akampigia mwenzake wa Bomet, akaiweka simu kwa sauti. Mzee yule yule aliyeniuliza Januari akamuuliza moja kwa moja: huko kwenu mto ukoje leo? Akajibiwa kwamba watoto wanauvuka kwa miguu. Mzee alinyamaza kwa muda, halafu akasema, "Basi hili ni ziwa."

Angeambiwa hivyo na mimi peke yangu asingekubali, na angekuwa na sababu, maana mimi ndiye niliyemwambia "inawezekana". Ripoti ya Kenya isingemshawishi, wala ripoti ya Tanzania isingewashawishi watu wa Bomet, ambao nao wana malalamiko yao: kila tope likionekana Musoma kidole huelekezwa kwa mkulima wa Mau. Kwenye mizani yetu tope zito kuliko yote halikutoka kwenye mashamba ya Bomet. Lilitoka Talek baada ya mvua moja tu, maji mazito kama uji wa ulezi, yakiwa yamekokota ardhi ya malisho iliyokanyagwa na mifugo na wanyamapori. Mwenzangu alipoipeleka habari hiyo kwa wakulima wa Nyangores walipiga makofi. Akawaomba wasubiri, kwa kuwa mwaka mmoja wa vipimo ni mfupi na maji yao nayo hayakuwa meupe.

Mto huu una mambo yake ambayo mtu wa maabara anaweza kuyasahau. Watafiti waliofanya kazi Mara kwa miaka mingi wameonyesha kwamba nyumbu wapatao 6,250 kwa wastani huzama kila mwaka wakivuka, na mizoga yao hulisha mto. Wameonyesha pia kwamba viboko zaidi ya 4,000 humwaga humo maelfu ya kilo za kinyesi kila siku, na mvua ikija ghafla ikayakokota madimbwi yao, oksijeni hushuka na samaki hufa sehemu za chini za mto. Kwa hiyo samaki wakifa, mtu asikimbilie kusema sumu, wala asikimbilie kusema hakuna sumu. Pande zote za mto kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaotumia zebaki, na hilo nalo ni kweli.

Ndicho kilichotokea Machi 2022. Maji ya Mara upande wa Tanzania yaligeuka meusi, samaki wakaelea. Serikali iliunda kamati, na kamati ikaeleza kwamba kinyesi na mkojo wa mifugo vilichangia. Watu wengi hawakuliafiki jibu hilo, na mabishano yakawa makubwa. Mimi nilikuwa nimeshamaliza masomo, lakini lile kundi la simu lilikuwa hai. Ujumbe wa kwanza ulitoka Bomet: "Poleni. Huku maji ni ya kawaida, picha hii." Hakuna aliyemtupia mwenzake lawama. Wakaniuliza mimi chanzo chake ni nini.

Sikuwa na jibu. Tulikuwa na kina na tope, hatukuwahi kupima oksijeni hata siku moja. Safari hii sikusema inawezekana. Niliandika kwamba hatukupima, kwa hiyo sijui.

Tulichangishana, vyuo viwili vikaongeza, tukanunua mita mbili za oksijeni za aina moja. Tulikutana Tarime siku chache kabla ya Septemba 15, Siku ya Mara, ambayo nchi zote mbili huuadhimisha mto huu. Kabla mita hazijatengana, tulizitumbukiza usiku kucha kwenye ndoo moja ya maji ya mto, wasomaji wote wawili wakikesha kuzisoma kila saa na kuandika. Hazikulingana sawasawa, moja ilisoma juu kidogo kila wakati. Tofauti hiyo waliiandika kwa kalamu kwenye ukurasa wa kwanza wa madaftari yote mawili, wakatia sahihi zao, kisha mmoja akapanda gari la Sirari na mwingine la Musoma.